Ujumbe wa "Sheria Mpya ya Mtandao" Umeingia Kwenye Simu Yako: Namna ya Kuuchunguza Kabla ya Kuusambaza

Nina steshenari ndogo jirani na soko la Sabasaba, hapa Dodoma. Natoa kopi, nachapa barua, nasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni. Asubuhi moja aliingia mama anayeuza ubuyu na karanga kupitia status yake ya WhatsApp, akanipa simu. "Mwanangu, nitolee kopi kumi za huu ujumbe, niwapelekee wenzangu." Ujumbe ulisema kuanzia kesho yake simu zote zitarekodiwa, WhatsApp na Facebook zitafuatiliwa na wizara, na kila simu imeshaunganishwa na mtambo wa serikali. Mama alikuwa ameshafuta picha zote za bidhaa zake. Bora nikose wateja kuliko kulala ndani, akasema.

Sikuzitoa zile kopi. Ujumbe ule ulikuwa wa uongo, na wala haukuzaliwa Tanzania. Umezunguka India, Nigeria, Afrika Kusini na kwingineko kwa miaka, na kila ukivuka mpaka hubadilishwa jina la wizara tu. Hofu ya mama, hata hivyo, haikuwa ya kijinga. Nchi yetu kweli ina sheria za mtandao, kweli zina faini na vifungo, na kweli wapo waliofikishwa mahakamani kwa walichoandika. Uzushi hupata nguvu kwa kujibanza nyuma ya ukweli huo, ndiyo maana kumwambia mtu "puuza, huo umbea" hakumsaidii. Anachohitaji ni njia ya kujua kipi ni kipi.

Njia ninayoitumia naiandika hapa hatua kwa hatua. Sisi wa Dodoma tuna nafasi ambayo wengine hawana: Bunge liko hapa, wizara ziko Mtumba, na karatasi nyingi zinazozungumziwa zinaweza kutafutwa kwa nauli ya daladala.

Hatua ya kwanza: toa dai moja kwenye ujumbe mrefu

Ujumbe wa namna hii huwa umefungasha mambo matano au sita kwa pamoja. Chukua kalamu uandike majibu ya maswali manne. Nani ameamua? Ameamua nini hasa? Kuanzia lini? Kwa hati gani?

Swali la nne ndilo linaloangusha jumbe nyingi. Anayeandika "serikali imetangaza" bila kutaja ni wizara, ni Bunge au ni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hajakupa kitu cha kukagua. Hali ni hiyo hiyo kwa "kuanzia kesho". Kesho ya lini, ikiwa ujumbe una mishale miwili juu yake? Mishale miwili kwenye WhatsApp maana yake ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia wewe. Hiyo haithibitishi kwamba ni uongo, ila inakuonyesha kwamba aliyekutumia si aliyeandika, na huenda "kesho" hiyo ilishapita mwaka juzi.

Tarehe nayo uikague dhidi ya kalenda. Anayetunga tangazo husahau mara nyingi kuoanisha siku na tarehe. Mtu akikuletea tangazo linalosema "Jumatatu, 13 Oktoba 2023", fungua kalenda ya simu uone kwamba siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ni kazi ya nusu dakika.

Hatua ya pili: jua karatasi iko kituo gani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya upotoshaji kuhusu sheria za mtandao hutokea hapa. Mara nyingi mtu hakutunga kitu. Amechukua karatasi ya kituo kimoja akaitangaza kana kwamba imefika kituo kingine.

Muswada ni pendekezo. Huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa bungeni Mara ya Kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Kamati huita wadau watoe maoni, na mara nyingi wadau husikilizwa katika Ukumbi wa Msekwa hapo hapo bungeni. Muswada hurudi kwa Kusomwa Mara ya Pili, unajadiliwa, unapita kifungu kwa kifungu kwenye Kamati ya Bunge Zima, ndipo husomwa Mara ya Tatu. Hata hapo bado si sheria. Ibara ya 97 ya Katiba inataka Rais aukubali. Kuna miswada huletwa kwa hati ya dharura, mwendo wake ukawa wa haraka, lakini vituo havirukwi.

Sheria ikishasainiwa, siku ya kuanza kutumika inaweza kuwa mbali na siku ya kupitishwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge Aprili 2015, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo anayekwambia "imepita leo, kesho wanaanza kukamata" anapaswa kukuonyesha tarehe ya kuanza kutumika.

Kanuni ni kitu kingine, na ninaomba kila msomaji aelewe tofauti hii hata akisahau mengine yote. Kanuni hutungwa na Waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria iliyokwisha kupitishwa. Hazisubiri mjadala wa bungeni kama muswada. Hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali kwa namba ya Tangazo la Serikali, zikaanza kutumika, na Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo huzipitia baadaye. Mambo mengi yanayomgusa mtumiaji wa mtandao yamo kwenye kanuni: leseni, ada, maudhui yaliyokatazwa. Mwaka 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, Tangazo la Serikali Na. 133, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Watu waliokuwa wakisema "tusubiri Bunge litaamua nini" walikuwa wanasubiri kituo ambacho gari halipiti.

Chini ya kanuni kuna tangazo kwa umma, ambalo mamlaka hulitoa kukumbusha au kutaka jambo fulani kutokana na kanuni. Chini kabisa kuna kauli: Waziri akijibu swali la nyongeza, mbunge akichangia, mkuu wa mkoa akizungumza kwenye ziara. Kauli inaweza kuashiria yanayokuja, lakini haifungi mtu. Hili nalisema kwa pande zote mbili. Kiongozi akisema "ni marufuku" bila kutaja kifungu, nayo inastahili kuulizwa hati kama tunavyouliza ujumbe wa grupu.

Lugha yenyewe hukupa fununu. Muswada huwa na ibara, sheria huwa na vifungu, kanuni huwa na kanuni na kanuni ndogo. Ujumbe unaovichanganya hivyo vitatu mara nyingi umeandikwa na mtu ambaye hakuiona karatasi.

Hatua ya tatu: itafute karatasi yenyewe

Anza na tovuti ya Bunge. Miswada huwekwa hapo, pamoja na Orodha ya Shughuli za Leo na Taarifa Rasmi, yaani Hansard. Kwa sheria na kanuni, tumia tovuti ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali au TanzLII, maktaba ya sheria za Tanzania mtandaoni, ambayo ni bure na ina utafutaji mzuri kwa jina na kwa mwaka. Matangazo ya TCRA yamo kwenye tovuti yao wenyewe, nao wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma ambako unaweza kuingia ukauliza.

Gazeti la Serikali kwa kawaida hutoka Ijumaa. Kanuni za 2018 nilizozitaja ni za tarehe 16 Machi 2018, Ijumaa. Zilizozifuta, Tangazo la Serikali Na. 538, ni za tarehe 17 Julai 2020, Ijumaa vilevile. Yapo matoleo maalumu ya siku nyingine, hivyo usilifanye hili kuwa hukumu; litumie kama kengele. Nakala za karatasi zinauzwa kwa Mpiga Chapa wa Serikali.

Unapofungua kiungo, soma anwani kutoka mkono wa kulia kwenda kushoto. Taasisi za serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na .go.tz. Anwani yenye neno "tcra" mwanzoni halafu ikaishia na .com, .xyz au .info usiiamini hata kama ina nembo ya bibi na bwana. Ikikutaka uweke namba ya NIDA au namba ya siri ya pesa za simu ili "usajili upya laini isifungwe", funga mara moja. Kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako unapiga *106#, huhitaji kiungo chochote. Ujumbe wa kitapeli unautuma kwenda 15040.

Usipoipata karatasi mtandaoni, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuandika barua kwa taasisi akaomba taarifa, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Nimewachapia watu wachache barua hizo. Haizidi nusu ukurasa: jina lako, anwani yako, taarifa unayoitaka kwa usahihi, na namna unavyotaka kuipata. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Hatua ya nne: isome kwa mpangilio huu

Usianzie mwanzo. Anza na sehemu ya tafsiri, pale maneno yanapopewa maana. Neno kama "maudhui" au "mtoa huduma" kwenye sheria halina maana ya kijiweni, na humo ndimo utakapojua kama muuza ubuyu anahusika au hahusiki. Nenda kwenye kifungu chenye katazo, usome sentensi nzima mpaka nukta. Mara nyingi uhai wa kifungu uko kwenye maneno madogo: "akijua", "kwa nia ya", "bila sababu halali". Malizia na adhabu, ukiangalia kama imeandikwa "isiyopungua" au "isiyozidi". Maneno hayo mawili hugeuza kifungu juu chini, na wasambazaji huyabadilishana bila kujua.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: je, hii ndiyo nakala inayotumika sasa? Mpaka leo bado naletewa jedwali la ada za mwaka 2018, lenye maombi shilingi 100,000, leseni shilingi milioni 1 na ada ya mwaka milioni 1 nyingine, likiambatana na maneno "serikali imeleta tozo mpya kwa wanaoposti". Jedwali lenyewe ni la kweli, si la kughushi. Ila kanuni zile zilifutwa na za 2020, na za 2020 zikarekebishwa mwaka 2022. Ukweli wa zamani ukiletwa kama habari ya leo unadanganya vilevile.

Kuna jambo jingine la sasa. Sheria za nchi zimefanyiwa urekebu, yaani zimepangwa na kuchapishwa upya, Toleo la 2023, lililozinduliwa hapa Dodoma Aprili 2025 na kuanza kutumika Julai mwaka huo. Kwenye urekebu namba za vifungu zinaweza kusogea. Watu wawili wanaobishana "kifungu cha 16" na "kifungu cha 17" huenda wote wako sahihi, kila mmoja na kitabu chake. Taja toleo unalosoma.

Mfano mmoja niuchambue mpaka mwisho: VPN

Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwa umma kuhusu VPN, ile programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia nyingine. Ilikuwa Ijumaa. Kufikia jioni yalikuwa yameshanifikia matoleo mawili ya habari, na yote mawili yalipotosha.

Toleo la kwanza lilisema: "VPN imepigwa marufuku Tanzania, ukikutwa nayo kwenye simu ni jela." Toleo la pili lilitoka kwa wanaojiona werevu: "Uzushi, hakuna tangazo kama hilo." Mimi nilichapa tangazo lenyewe nikalibandika ukutani dukani.

Lilikuwa likiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kuwasilisha taarifa zao kwa mamlaka kabla ya tarehe 30 Oktoba 2023. Liliegemea kanuni ya 16 ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, ambayo inakataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia inayomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyokatazwa. Kwa hiyo tangazo lilikuwepo, na adhabu kwenye kanuni ilikuwepo. Lakini agizo lilikuwa la kujiandikisha, na katazo la kanuni limefungwa na maneno "maudhui yaliyokatazwa".

Ona kilichopotea katikati. Kulikuwa na maswali mazito ya kuiuliza mamlaka. Mfanyakazi wa benki anayeingia kwenye mfumo wa ofisi kwa VPN anajiandikishaje? Taarifa zetu zitatunzwa na nani, kwa muda gani? Mwanafunzi wa UDOM anayetafuta makala nje ya nchi amo au hamo? Watu waliokuwa wanabishana kama tangazo lipo au halipo hawakuwa na muda wa kuyauliza. Hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe. Uzushi ukiwa wa upande wa kuogofya au wa upande wa kutuliza, unatunyima zamu yetu ya kuuliza.

Hatua ya tano: pima kama jambo linawezekana kiufundi

Turudi kwenye ujumbe wa mama wa ubuyu. Una toleo linalosema ukiona tiki tatu za bluu serikali imeuona ujumbe wako, na tiki moja ya bluu na mbili nyekundu polisi wako njiani. WhatsApp haina tiki ya tatu. Tiki moja ya kijivu ni kwamba umetumwa, mbili za kijivu umefika, mbili za bluu umesomwa. Basi.

Zaidi ya hapo, tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea. Mtandao wa simu unaoubeba katikati hauwezi kusoma maneno yaliyomo. Usimalizie hapo, kwa sababu nusu ya maelezo nayo hudanganya. Kampuni ya simu inajua laini ipi iliunganishwa, wapi na saa ngapi. Mtu yeyote kwenye grupu anaweza kupiga skrinishoti akaipeleka anakotaka. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao inawapa polisi uwezo wa kupekua na kuchukua kifaa wakati wa uchunguzi. Hatari ya kweli kwa anayeandika kwenye grupu ni mwanagrupu mwenzake kuliko mtambo wa wizara.

Hatua ya sita: mtandao umefungwa au umekatika?

Hili huzua maneno haraka kuliko yote. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota nchi nzima, na kwenye magrupu yangu hukumu ilitoka ndani ya saa moja: wamezima. Kumbe nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini ziliathirika pamoja nasi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima, na safari ile haukuwa waya wa baharini. Kwa mtu aliyekaa Nkuhungu na simu yake, dalili za siku hizo mbili zinafanana sana.

Namna ya kutofautisha ni hii. Jaribu laini ya mtandao mwingine, ili usilaumu nchi kwa kosa la mnara wa mtaani. Jaribu tovuti tofauti tatu. Kama kila kitu kinafunguka isipokuwa huduma moja tu, kwenye mitandao yote, huo ni uzuiaji wa huduma hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtandao wa X (zamani Twitter) kuanzia Mei 2025. Kama kila kitu ni kizito, muulize ndugu aliyeko Nairobi au Kigali. Wao wakilia pia, fikiria waya. Tovuti zinazopima intaneti, NetBlocks na Cloudflare Radar, huonyesha trafiki ya nchi nzima ikishuka, na aliye nje anaweza kukusomea kwa simu ya kawaida. Grafu itakuonyesha kwamba imeshuka. Sababu itafute kwa njia nyingine.

Hatua ya saba: klipu za bungeni

Klipu ya sekunde 40 ya mbunge akisema kwa ukali "hawa wa mitandaoni wafungiwe" ni mchango wa mbunge mmoja. Ukitaka kujua kama Bunge limeamua, fungua Hansard ya siku hiyo. Kila Hansard hutaja Mkutano wa ngapi na Kikao cha ngapi. Klipu isiyokuja na hayo mawili uidai. Tafuta maandishi yaliyo kwenye mabano: "Hoja ilitolewa iamuliwe", kisha "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Pasipo hayo, hapakuwa na uamuzi. Kipindi cha vikao unaweza pia kwenda kukaa jukwaa la wageni ukiwa na kitambulisho na mavazi ya heshima, ukasikia mwenyewe.

Kwa picha ya tangazo, itafute kwa Google Lens uone ilianza kuonekana lini. Sauti nazo siku hizi zinatengenezwa. Sauti ya kiongozi isiyo na tukio, mahali wala tarehe, iache hapo ilipo. JamiiCheck na Nukta Fakti huchunguza madai ya Kiswahili, na inawezekana kazi yako wameshaifanya.

Angalia pia nchi. Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za huko kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tarehe 1 Julai 2018, na habari hiyo imefika kwenye vijiwe vyetu kama "tozo ya kuingia WhatsApp", bila neno Uganda.

Hatua ya nane: "wananchi wote wanasema"

Ukionyeshwa wingi wa maoni kama ushahidi, uliza yamehesabiwaje. Nchini Marekani, mwaka 2017, tume ya mawasiliano ilipokea maoni zaidi ya milioni 22 kuhusu kanuni za usawa wa mtandao, zile zinazozuia kampuni za intaneti kupendelea tovuti moja kuliko nyingine. Uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa New York uliotolewa Mei 2021 ulikuta kwamba karibu milioni 18 kati yake yalikuwa ya kughushi. Zaidi ya milioni 7 yalitengenezwa na mwanafunzi mmoja wa chuo mwenye umri wa miaka 19, na mengine milioni 8.5 yalitoka kwenye kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti kwa kutumia majina ya watu ambao hawakuridhia. Upande uliotaka kanuni zibaki na upande uliotaka zifutwe, kote kulikuwa na feki.

Hatua ya tisa: mrekebishe mtu bila kumwaibisha

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Kinamlenga anayejua kuwa ni za uongo na mwenye nia ya kudhuru au kupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Soma hilo neno "akijua". Shangazi yako aliyesambaza kwa hofu si mhalifu, na kumtishia kwa kifungu hicho mbele ya ukoo mzima ni kumdhulumu.

Mwandikie pembeni, siyo kwenye grupu. Mimi huandika hivi: "Shikamoo shangazi. Nimeuona ule ujumbe wa simu kurekodiwa, najua umetuma kwa kutujali. Nimeutafuta, umetoka nje ya nchi na umeshazunguka miaka mingi. Kanuni zetu zenyewe nimezipata, nitakusomea tukionana. Naomba ukipenda uwaambie na wengine, wewe watakusikia." Mpe yeye nafasi ya kurekebisha. Mkubwa akirudi mwenyewe kwenye grupu akasema "wanangu, ule ujumbe siyo", unazikwa. Ukisema wewe mdogo, mjadala unageuka kuwa wa adabu.

Unapoandika masahihisho, tanguliza ukweli. Ukianza kwa kurudia uongo, anayesoma mstari mmoja tu ataondoka na uongo. Na usibandike picha ya tangazo feki bila kuichora msalaba mkubwa, maana itakatwa na kuanza safari upya ikiwa na jina lako.

Hatua ya kumi: muswada wa kweli ukija, peleka maoni

Ofisi ya Bunge hutoa mwaliko wa maoni ya wadau kamati inapoanza kazi, na muda huwa mfupi, mara nyingine siku chache tu. Huna haja ya kuwa na shirika wala kuwa mwanasheria. Ibara ya 21 ya Katiba inampa raia haki ya kushiriki kwenye maamuzi yanayomhusu.

Chora jedwali lenye safu nne. Safu ya kwanza, namba ya ibara ya muswada. Ya pili, maneno yaliyomo, neno kwa neno. Ya tatu, tatizo unaloliona, kwa mfano wa kazi yako mwenyewe. Ya nne, maneno unayopendekeza yawekwe badala yake. Hiyo safu ya nne ndiyo wengi huiacha wazi, na ndiyo inayomrahisishia kazi mjumbe wa kamati, kwa sababu anaweza kuichukua ilivyo akaipeleka kwenye jedwali la marekebisho.

Mama wa ubuyu alirudishia picha zake status wiki ile ile. Baadaye alinijia tena, safari hii na swali: mteja anapomtumia namba ya kitambulisho ili apelekewe mzigo, yeye anaruhusiwa kuitunza? Tukafungua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwenye kompyuta ya dukani, tukaanza na sehemu ya tafsiri, akivuta kiti karibu na miwani yake mkononi.